Zulia la Geneviève

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa ubaya. Imeng'oa mabati mawili ya karakana na kulowesha mfuko mzima wa sufu nyeupe. Nimeianika jikoni juu ya moto, sasa yote inanuka moshi. Madam Sylivia akiuliza nitamwambia ndio mtindo wa mwaka huu.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kila mtu anakisema, lakini wenye subira ya kukisoma ukurasa mzima nawahesabu kwa vidole. Mimi nilikipata Nakuru, miaka tisa katika kiwanda cha mazulia, pamoja na ufundi na maumivu ya mgongo. Mume wangu alipofariki nilirudi kwetu na mashine mbili za kupigia uzi na binti mmoja, Bright, ambaye sasa yuko bweni Munkunyu.

Karakanani tuko watatu. Mimi, Ketura, ndiye mwenye mashine. Geneviève, mkimbizi wa Kongo kutoka upande wa Beni, ndiye mchoraji. Teopista, jirani yangu, ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kazi tuliyonayo ni ya Madam Sylivia, aliyejenga Bulembia nyumba yenye sebule ambayo ungeweza kuchezea mpira. Anasema amechoka na mazulia ya maua kutoka Kampala ambayo kila jirani anayo. Anataka kitu kimoja kikubwa cha kutundika ukutani, ambacho mgeni akikiona atasahau hata kuomba maji. Nikamwambia mchoraji wa namna hiyo ninaye.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Tumekaa tukisengenya watu.

Jumamosi, 9 Machi

Geneviève ameleta mchoro, na nimeutazama mpaka chai ikapoa. Ni nyumba yake. Miti ya kakao nyuma, jiko la nje, kuku, watoto wawili wamekaa kizingitini wakimenya kitu. Juu mlimani, kwenye migomba, kuna vichwa vya watu wanaoteremka. Havina nyuso. Mlangoni ameacha nafasi nyeupe yenye umbo la mtu. Nikauliza hapo panakuja nini. Akasema atanipa baadaye.

Anajua ninachojua: miaka mitatu iliyopita waasi, wale wa msituni, walimuulia mume na watoto hao wawili mbele ya mlango huo. Yeye alikuwa ndani ya shimo la choo kipya, amejifunika kwa majani. Hatujawahi kuongea zaidi ya hapo.

Kazi yetu hufanywa kinyumenyume. Kitambaa kinavutwa kwenye fremu, nasi tunapiga uzi tukiwa nyuma yake. Uso wa zulia unaota upande wa pili, hatuuoni vizuri mpaka tulishushe, na kilicho kulia kwetu kwa mbele kinatokea kushoto. Kwa hiyo mchoro lazima upinduliwe kwanza. Geneviève hufanya hivyo mwenyewe. Anabandika karatasi yake nyembamba kwenye kioo cha dirisha, anapitisha mkaa upande wa nyuma, halafu anaweka msalaba mdogo pembeni, alama kwamba umeshapinduliwa. Nikiuona msalaba nahamisha mistari kwenye kitambaa bila kuuliza. Miaka miwili hatujakosea hata unyoya wa kuku.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya soko. Nimenunua mfupa wa supu kwa Célestin. Huyu ni mchinjaji kutoka ng'ambo, upande wa Beni, mrefu, mpole, na panga analishika kwa mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni matusi, na mwanzoni akina mama walimpita wakatema mate. Akabuni njia yake: anaiweka nyama juu ya jani la mgomba, anarudi nyuma hatua moja, mteja anachukua mwenyewe. Sasa ndiye mwenye foleni ndefu kuliko wote. Leo kaniongezea kipande cha ini, kasema, kwa Kiswahili cha kwao ambamo yaya ni dada, "Yaya Ketura, mukono yangu haina heshima, lakini nyama iko nayo." Nilicheka njia nzima. Nampenda mtu anayejua kujicheka.

Jumapili, 17 Machi

Risasi tangu alfajiri, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Padri aliendelea na misa, sauti yake ikipanda kila zilipopanda. Mchana mto Lhubiriha umeleta maiti mbili, mwanamume na mwanamke, wamefungwa pamoja kwa kamba ya mbuzi. Askari waliwavuta kwa kulabu. Mwanamke hakuwa na titi moja. Teopista alitaka kuangalia, nami nikamvuta mkono, na baadaye nikagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeangalia yote.

Jumatano, 20 Machi

Tumemaliza miti ya kakao. Kijani cha aina nne. Mgongo.

Ijumaa, 22 Machi

Blasio amekufa. Mume wa Teopista.

Alikwenda shambani kwao, lile lililo karibu na mto, kuvuna maharage kabla hayajaozea mvuani. Saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wako barabarani na baiskeli zao. Wale wa msituni hawakupiga risasi. Walikuwa wanane au kumi, walipita na mapanga kama watu waliokuja kufyeka. Waliua watu wanne katika mashamba matatu, wakabeba maharage yaliyokwisha kuvunwa, wakarudi ng'ambo.

Mimi na Teopista tulikuwa kwenye mashine. Tulisikia mayowe na tukadhani ni ugomvi wa mpaka wa shamba, maana ugomvi huo hauishi. Kisha akaja Tsongo, shemeji yake, bila viatu, akasimama mlangoni akimtazama Teopista. Teopista alizima mashine. Aliikunja waya yake vizuri, akaitundika mahali pake, ndipo akatoka.

Nilimkuta Blasio chini ya migomba. Shingo ilikuwa imekatwa kutoka nyuma na uso ulikuwa ndani ya matope, kwa hiyo tulipomgeuza tulilazimika kumwosha kwanza ili mkewe amtambue. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kamba ya gunia. Teopista akamfungua vidole, kimoja kimoja, akaikunja ile kamba nayo. Akasema, "Hii ni kamba ya jirani. Tutairudisha."

Askari walifika saa nane. Walitupanga chini kwenye barabara na kutuuliza kwa nini hatukupiga simu. Tsongo alijibu vibaya akapigwa kitako cha bunduki mdomoni. Jioni wafu wetu wanne walikuwa wamelala kwenye mkeka mmoja, na mvua ikaanza tena.

Jumatatu, 25 Machi

Tumezika. Teopista hakulia. Nilitamani alie.

Alhamisi, 28 Machi

Geneviève amekuja na begi mgongoni. Mama yake yuko mahututi Butembo, anavuka leo, hajui atarudi lini. Nilimwambia njia hazifai. Akasema mama ni mmoja.

Halafu akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni yule mtu wa mlangoni. Alisema amemchora usiku kwa mara moja tu, bila kufuta. "Mi siwezi kumuangalia mara ya pili, yaya. Wewe umuweke pale kwa mulango. Nikirudi, usinionyeshe." Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mkaa mpaka kwenye viwiko.

Nilimkumbatia. Alipoondoka nikaifungua. Karatasi ilikuwa nyembamba na mkaa ulikuwa umebonyezwa kwa nguvu hata ukaonekana pande zote mbili. Msalaba haukuwapo. Nilimwona bado yuko njiani, hatua hamsini hivi, ningeweza kumwita. Lakini ungemwitaje mtu ili umwulize juu ya mtu huyo? Nikaona hawezi kuwa amesahau kupindua, kazi anayoifanya kila siku. Nikaikunja tena.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nimekwenda kumwona Bright. Amekonda.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemhamisha yule mtu kwenye kitambaa. Hana uso hasa. Geneviève amemfanyia macho na kofia, basi. Ameinua panga. Teopista ameomba ampige uzi yeye. Nikamwuliza kama anaweza. Akasema anachoshindwa ni kukaa nyumbani.

Amefanya kazi siku nzima bila neno moja, yeye Teopista. Mashine inalia tatatata na sufu nyekundu inapungua.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua ya mawe. Mahindi yamelala.

Jumanne, 9 Aprili

Tumelishusha zulia. Kulipindua kulihitaji watu wanne, kwa hiyo Tsongo na mkewe walikuja kusaidia. Tukalilaza uani juani, uso juu, nikachukua mkasi nianze kulinyoa.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na naiogopa. Ukisimama upande wa miguu, yule mtu wa mlangoni anakujia wewe. Kuku wa kweli wakapita kando ya kuku wa sufu.

Teopista ndiye aliyesema, "Angalia. Panga iko mkono ya kushoto."

Nami nikasema, "Kama Célestin."

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya siku moja: niliyetaja jina ni mimi. Sikulisema kwa ubaya. Lilinitoka tu, kama unavyosema mtoto wa fulani anafanana na shangazi yake. Lakini hakuna aliyecheka. Mke wa Tsongo akasema Célestin naye ni mrefu. Tsongo, mwenye mapengo mapya ya mbele, akasema Célestin naye ametoka upande huo huo, na amekuja mwaka ule ule kama Geneviève.

Jumatano, 10 Aprili

Watu wameanza kuja kuona zulia. Nimewafukuza wa kwanza. Wa pili nimeshindwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Soko. Nilisimama kwenye vitunguu nikimtazama Célestin akipasua paja la ng'ombe. Kila panga liliposhuka mimi nilifumba macho. Aliniona, akaniita, akasema ameniwekea mfupa. Nikamwambia leo tunakula maharage. Alirudi nyuma hatua moja kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza nani aliyemfundisha kurudi nyuma hivyo baada ya kukata.

Jumapili, 14 Aprili

Kwa nini Célestin kila Jumatatu hayupo? Benedicte, mkewe, anasema huenda kununua ng'ombe ng'ambo. Mtu gani anavuka siku hizi na kurudi mzima kila wiki? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Padri leo amehubiri juu ya Yuda na watu wakageuka kutazama benchi la nyuma, ambako Wakongomani hukaa.

Jumanne, 16 Aprili

Foleni ya Célestin ilikuwa na watu wawili. Teopista ananoa panga la marehemu kila jioni. Nasikia kupitia ukuta.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimefungiwa ubavu kwa kitambaa, kuandika kunauma. Nitaandika yote.

Asubuhi ilikuja habari kwamba usiku wameua tena, mama na mwanawe, juu kidogo ya mto. Saa tatu nilikuwa nachemsha gundi ya kumalizia kupaka mgongo wa zulia. Teopista aliingia na wanawake kama kumi na watano, Tsongo nyuma yao na wanaume wengine. Hawakuniomba. Walilikunja zulia, wakalibeba mabegani, wakatoka nalo. Nilipaza sauti kwamba halijakauka. Hilo ndilo nililolisema, kwamba halijakauka. Kisha nikawafuata.

Soko lilikuwa limejaa. Walilikunjua mbele ya meza ya Célestin, ndani ya matope, na upepo ulikuwa unalipindua pembeni. Nikasimama juu ya pembe moja ili lisipinduke. Hakuna aliyenituma.

Célestin alikuwa na panga mkononi, anakata mbavu. Alitazama chini. Aliangalia kwa muda mrefu, na nikaona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtu aliyefika mahali anapopajua.

"Hii nyumba ninaijua," alisema. "Ni kwa Geneviève. Mi nilikuwaka pale. Ile batoto, ni mi nilibazika."

Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza kitu, hata hilo la kuwazika watoto. Amesema alikuwapo. Amekiri kwa mdomo wake. Mtu wa kwanza alirusha jiwe la mizani likampata kwenye sikio. Célestin akafanya jambo ambalo sitalisahau: alilaza panga lake juu ya gogo la nyama, taratibu, kalisukuma mbele mbali na yeye, akainua mikono yote miwili wazi. Nafikiri alitaka tuone hana kitu. Sisi tulichokiona ni kile cha kushoto.

Walimvuta juu ya meza. Tsongo alimkalia kifuani. Mmoja alimpiga usoni kwa ndoano ya kutundikia nyama, shavu likafunguka meno yakaonekana. Benedicte alikuwa analia kwa Kinande, ambacho ni Kikonzo chetu sisi sote, hakuna aliyeweza kusema hakumwelewa. Alisema, mwacheni, ni baba wa watoto wangu, mwacheni. Mwanamke mmoja alimziba mdomo kwa kiganja.

Kisha wakaunyoosha mkono wa kushoto juu ya gogo, na Teopista akachukua panga la Célestin mwenyewe. La Blasio alikuwa nalo kiunoni, lakini alichukua la Célestin. Pigo la kwanza halikufika mfupa. La pili lilifika. Ilimchukua mapigo manne, kwa sababu yeye hajawahi kukata nyama ya aina yoyote bila kupumzika. Wakati wote Teopista alikuwa anataja majina ya watoto wake, si kwa sauti kubwa.

Na mimi? Nilikuwa juu ya pembe ya zulia. Moyoni mwangu nilisema, acha akatwe. Nimeliandika.

Askari walikuja wakipiga risasi juu. "Lala chini! Wote! Chini!" Walipiga kila aliyekuwa karibu kwa buti na fimbo, mimi nikapata buti mbavuni nikaanguka uso ndani ya miti ya kakao. Nilipoinua kichwa Benedicte alikuwa anamfunga mumewe mkono kwa kitenge chake, amebaki na gaguro mbele ya soko zima. Mkono wenyewe ulikuwa kwenye gogo, kati ya mbavu za ng'ombe. Mbwa alikuwa anausogelea, afande mmoja akampiga mbwa risasi.

Jumamosi, 20 Aprili

Wanasema Célestin yuko hai, hospitalini. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wanasema barabarani, na wanatembea vifua mbele. Teopista hajulikani alipo. Zulia nimelirudisha kwa toroli. Damu imeingia kwenye wekundu na haionekani.

Jumanne, 23 Aprili

Geneviève amerudi. Amemzika mama yake. Alikuja moja kwa moja karakanani akiwa na vumbi la njia, na nikamweleza mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine. Nilimweleza kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Nilimwambia tumemshika mtu wake.

Hakuelewa. Akauliza mtu wake gani. Nikasema yule wa mlangoni.

Halafu, yeye aliyeapa kutomtazama mara ya pili, akasema nilikunjue. Nikalikunjua sakafuni. Aliangalia mara moja tu na akakaa chini palepale.

"Nani alibadilisha mukono?"

Nikasema hakuna. Nikasema nilifuata mistari yake.

"Ule mutu alishika mupanga na mukono ya kuume. Kuume, Ketura. Mi nilimuona. Hapana kushoto." Alitafuta karatasi yake kwenye sanduku, akaikunjua, akaiinua dirishani. Mtu aliyekuwa karatasini alishika kwa kulia. "Sikuipindua. Nilikuambia siwezi kumuangalia mara ya pili. Uliona musalaba wapi?"

Sikuona msalaba popote.

Halafu akasema lile ambalo ningepaswa kujiambia mimi mwenyewe mwezi mzima huu, na ambalo mji mzima haukujiambia. "Miaka mbili niko nakamata nyama kwa Célestin. Kila juma. Ningekula nyama ya mukono yenye iliua batoto yangu? Hamukuniuliza?"

Hatukumwuliza. Alikuwa ng'ambo, ndiyo. Lakini hata kama angekuwa hapa nafikiri tusingemwuliza, kwa sababu jibu tulikuwa nalo na lilikuwa linatupa joto. Célestin, akanieleza, aliishi vilima viwili kutoka kwake Geneviève. Asubuhi ya pili yeye na wanaume wengine walikwenda na majembe, wakati wengine wote wanakimbia, wakawazika wanawe na mumewe, ndipo wakakimbia nao. Aliwazika akitumia mkono huo uliokatwa.

Geneviève aliikunja tena karatasi yake mara nne, akatoka uani.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekwenda polisi. Afande aliniuliza kosa langu ni lipi. Nikasema sikupindua karatasi. Akacheka, akaniambia niende nyumbani nikapumzike, mama. Nikasema nilitaja jina la mtu. Nikasema nilikanyaga pembe. Aliacha kucheka nilipotaja aliyeshika panga, akavuta karatasi, akaandika. Niliandikisha jina langu kwanza, la Teopista likafuata.

Jumapili, 28 Aprili

Nimetoka rumande, siku mbili. Teopista wamemkamata huko Kahendero kwa dada yake. Tulipishana kwenye korido, amefungwa pingu, jicho moja limevimba. Aliniambia, "Mama Bright, ni wewe ulisema jina." Akapita.

Mlangoni kwangu mtu amepaka kinyesi.

Jumanne, 30 Aprili

Hospitalini. Nilimweleza Célestin yote, karatasi, msalaba, jina, pembe. Shavu lake limeshonwa na hawezi kuongea vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta. Benedicte aliniambia niondoke, na aliniambia kwa adabu.

Jumapili, 5 Mei

Nilitaka kulichoma zulia. Nilikwisha kununua mafuta ya taa. Geneviève akasimama mbele yake, akaniambia hao ni wafu wake, si wangu, na wameshakufa mara mbili, ya tatu hataki. Anataka liende kwa Madam Sylivia kama ilivyopangwa. Lakini kwanza mkono urekebishwe.

Tumelivuta tena kwenye fremu, na siku tatu ameketi mbele ya mtu huyo, akitoa uzi kwa koleo ndogo, mmoja mmoja, na mimi nyuma nikipiga upya. Tunaongea kupitia kitambaa. "Juu kidogo. Hapo. Hapo njo alikuwa ameshika."

Nyumba na watoto tumewaacha walivyo. Hao aliwapindua mwenyewe tangu mwanzo kama kila kitu kingine, kwa hiyo kwa mbele wako sawa.

Jumamosi, 11 Mei

Limetundikwa Bulembia. Madam Sylivia alikuwa amealika watu. Wameingia wakinyamaza kama alivyotaka, kwa kitambo. Kisha mmoja akasifu ule wekundu, akauliza kama ni rangi ya Uturuki. Geneviève akamjibu kwa Kifaransa kitu ambacho sikukielewa, na bwana yule akatabasamu. Walileta samosa.

Jumatano, 15 Mei

Mvua inapungua. Benedicte alipita hapa, hakuingia. Alisema mumewe anataka nifike bucha keshokutwa, saa moja asubuhi, kabla soko halijajaa. Sikuuliza kwa nini.

Ijumaa, 17 Mei

Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Célestin alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mkono wa shati wa kushoto umefungwa fundo. Amekonda, na upande mmoja wa mdomo haufungi. Kwenye gogo kulikuwa na mguu mzima wa ng'ombe. Panga lilikuwa lile lile. Polisi wamelirudisha, limeandikwa namba kwa rangi nyeupe.

Benedicte anaweza kukata nyama laini, lakini mifupa inamshinda, na bucha isiyo na mifupa haina wateja. Kwa hiyo Célestin lazima ajifunze kwa mkono wa kulia. Na mtu mwenye mkono mmoja hawezi kukata na kushika kwa wakati mmoja. Anahitaji mtu wa kumshikia, kila asubuhi, mpaka mkono uzoee. Wanaume watatu wamekataa kwa kuogopa vidole vyao. Mkewe, Célestin mwenyewe amemkataza.

Alinieleza hayo polepole, maneno yakimtoka upande mmoja. Nikasema nitashika.

Nikaukamata mguu kwa mikono miwili, juu kidogo ya goti, pale aliponionyesha. Ulikuwa baridi na unateleza. Akalichukua panga kwa kulia, akalijaribu uzito, likamyumbia. Watu wachache waliokuwa wanapanga vitunguu waliacha kupanga.

"Mukono hii haijajua kazi," alisema. "Inaweza kwenda fasi yoyote. Wewe usitoe yako."

Panga likapanda. Sikuitoa.